Herufi za Wapita Njia

Novemba 1878 Alexander Mackay, fundi mitambo Mskoti aliyetumwa na Church Missionary Society, aliingia Buganda akiwa na mtambo mdogo wa kuchapia. Mwaka uliotangulia alikuwa amefyeka njia ya mikokoteni kutoka Saadani hadi Mpwapwa, na alijua kwa macho yake kila mzigo unavyofika bara: juu ya kichwa cha mpagazi, kilo 30 hivi kwa mtu mmoja, miezi kwa miezi. Risasi ya uchapaji ni nzito. Mackay alihitaji maandishi makubwa, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wengi na karatasi chache, na karatasi moja ilibidi isomwe na watu kadhaa kwa pamoja. Akachukua mbao na kisu, akachonga herufi zake mwenyewe, kila moja kwa kinyume ili ikigandamizwa kwenye karatasi itoke sawa. Alifariki Februari 1890 huko Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akiwa bado anatafsiri na kuchapa.

Naanza na Mackay kwa sababu alikutana na tatizo ambalo wachapaji wa London na New York walikuwa wamelitatua miaka hamsini kabla yake: herufi iweje ili isomwe kwa mbali, na mtu ambaye hajaketi kuisoma? Jibu walilolipata ni herufi nene yenye miguu bapa, na herufi hiyo imesafiri hadi Karatu na kwenye kingo za Ngorongoro kwa njia nyingi ambazo hakuna aliyezipanga.

Tangu Gutenberg hadi mwisho wa karne ya 18, herufi za uchapaji zilikuwa mali ya kitabu. Nyingi zilikuwa nyembamba, zenye mistari minene na mingine kama uzi, na ncha zake zikimalizikia kwenye vijiti vidogo ambavyo wachapaji huviita serifu. Msomaji alikuwa mezani na taa yake. Kisha London ikajaa watu, viwanda, bahati nasibu, michezo ya kuigiza, minada na magari ya farasi. Kuta zikawa gazeti. Mfanyabiashara aliyebandika karatasi ukutani alikuwa akisema na mtu anayetembea, pengine anakimbia, na karatasi ya jirani yake ilikuwa sentimita chache tu pembeni ikisema na mtu yuleyule. Herufi za kitabu zikikuzwa hazifai kazi hiyo: ile mistari ya uzi hupotea ukisogea hatua ishirini, na neno linabaki nguzo zilizosimama bila viungo.

Vincent Figgins, aliyekuwa na kiwanda chake cha kusubu herufi London tangu 1792, ndiye wa kwanza anayejulikana kuuza dawa ya tatizo hilo. Katika kitabu chake cha vielelezo chenye tarehe ya 1815, ingawa wanahistoria wengi wanaamini kurasa zenyewe ziliongezwa 1817, alionyesha herufi alizoziita Antique. Zilikuwa herufi kubwa tupu, bila herufi ndogo hata moja. Mistari yote ilikaribia unene mmoja. Na ile serifu iliyokuwa kijiti chembamba ikageuka kipande cha pembe nne, kinene sawa na mguu unaokibeba. Tazama herufi I ya aina hiyo: nguzo moja, tofali juu, tofali chini. Tazama E: mikono mitatu, kila mmoja umeshika uzito mwishoni. Herufi kama hizo hazina mahali pa kukatikia. Hata karatasi ikilowa, hata wino ukiwa mbaya, hata robo ya herufi ikichanika, jicho bado linajua kilichoandikwa.

Mwenzake Robert Thorne naye alikuwa na herufi za jinsi hiyo alipofariki 1820. Kiwanda chake kikapigwa mnada na kununuliwa na William Thorowgood, mtu ambaye fedha yake ilitokana na ushindi wa bahati nasibu. Mwaka 1821 Thorowgood alizitoa herufi za Thorne kwa jina la Egyptian. Misri ilikuwa midomoni mwa Ulaya nzima tangu Napoleon aivamie 1798, na chochote kizito, cha kale na chenye umbo la nguzo za mahekalu kilipewa jina hilo. Jina likaganda. Hata karne moja baadaye, herufi za namna hii zilipopendwa tena, wasanii wa Ujerumani, Marekani na Uingereza waliendelea kuzipa majina ya huko: Memphis ya Rudolf Wolf mwaka 1929, Karnak, Cairo.

Lakini risasi ina mpaka wake. Ukisubu herufi yenye urefu wa shubiri inakuwa mzigo, inapoa bila usawa, na gharama yake inamshinda mchapaji mdogo. Darius Wells wa New York ndiye aliyeona, mwaka 1827, kwamba mashine ya kuchimba mbao inaweza kutengeneza herufi kubwa kwa wingi, na mwaka uliofuata akatoa orodha yake ya bei. Alitumia mbao ngumu ya mti wa maple, iliyokatwa kwa kukingama ili uso wa herufi uwe upande wa nyuzi zilizosimama, usibonyee kwa kugandamizwa maelfu ya mara. William Leavenworth akaongeza mwaka 1834 mkono wa pantografu, ambao hufuata kielelezo kimoja na kukichonga kikiwa kikubwa, kidogo, chembamba au kipana. Herufi za miguu bapa zilifaa mno kwa kazi hiyo, kwani hazina ncha za uzi za kuvunjika. Waingereza nao wakawa na viwanda vyao, na DeLittle wa York, aliyeanza 1888, aliendelea kuchonga herufi za mbao hadi karne ya 20 inakaribia kuisha.

Robert Besley alifanya jambo jingine lililoacha alama kubwa kuliko yote. Mwaka 1845, akiwa katika kiwanda kilekile cha Thorne na Thorowgood, alitoa Clarendon, iliyochongwa na Benjamin Fox. Hapa tofali halikukaa tu juu ya nguzo. Liliungana nayo kwa mkunjo laini, na unene ukapunguzwa ili herufi ziweze kukaa ndani ya sentensi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukoleza neno katika kamusi, lionekane haraka mtu anapopekua ukurasa. Sheria ya Uingereza ilimpa ulinzi wa miaka mitatu. Miaka ilipokwisha kila kiwanda kikaiiga, na ndiyo maana leo mtu anaweza kuiona Clarendon, au nduguye, katika pembe yoyote ya dunia.

Pwani yetu ilianza kuchapa Kiswahili kwa herufi za Kilatini katika misheni ya Zanzibar, chini ya Edward Steere, aliyefika kisiwani 1864 na kuwafundisha vijana waliokombolewa utumwani kazi ya kupanga herufi. Bara, Wajerumani waliichapa lugha yao wenyewe kwa herufi za Kigothi, lakini Kiswahili wakakichapa kwa Kilatini. Shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na mtambo wake, na kuanzia 1904 wanafunzi walichapa humo gazeti la Kiongozi lililodumu hadi Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka huohuo, meli za Waingereza zikiwa zimefunga bahari na stempu za posta zikikosekana, mtambo wa misheni ya Vuga huko Usambara ulichapa stempu za dharura za koloni zima. Zilifukiwa ardhini karibu na Rufiji zisitekwe, zikachimbuliwa baada ya vita. Mtambo wa misheni uliozoea vitabu vya nyimbo za ibada ukafanya kazi ya serikali iliyokuwa ikikimbia.

Mitambo hiyo yote ilinunua herufi zake Ulaya, na Ulaya iliziuza kwa hesabu za lugha zake. Mchapaji wa Kiswahili aliugua ugonjwa huu kila alipotengeneza tangazo kubwa. Seti ndogo za herufi za mbao ziliuzwa kwa idadi ya A zilizomo: ya A tatu, ya A nne, ya A tano, na herufi nyingine zikipimwa kwa kadiri zinavyotumika katika Kiingereza. Sasa panga maneno MKUTANO WA HADHARA KARATU. Zinahitajika A saba. K mbili, U mbili, R mbili, H mbili, na A saba! Katika Kiingereza E ndiyo mlafi. Katika Kiswahili A inakula kila kitu, ikifuatwa na I, U, K, M, N na W, huku Q na X zikilala kwenye sanduku mpaka zinaota vumbi. Mchapaji alikuwa na njia chache: kuazima A kutoka seti nyingine hata kama haifanani unene, kuchapa mstari nusu kisha nusu ya pili kwa A zilezile, au kufanya kama Mackay na kuchonga. Matangazo ya zamani yenye A tatu za jinsi tatu katika neno moja hudharauliwa kama kazi ya ovyo. Mimi nayaona ni ushahidi wa ufundi. Mtu aliyeyapanga alijua kwamba anayepita barabarani anahitaji neno, na neno hilo alilifikisha.

Nyanda za juu kati ya Ziwa Manyara na kreta ya Ngorongoro zilipokea herufi hii kwanza kwenye gunia. Kuanzia miaka ya 1920 walowezi, Wajerumani wengi miongoni mwao, walifungua mashamba ya kahawa kwenye miteremko ya Oldeani na juu ya Karatu. Kahawa ilishushwa bondeni, ikavuka Mto wa Mbu, ikaenda Moshi kukobolewa, kupangwa daraja na kupigwa mnada. Gunia la kilo 60 likiwa ghalani katikati ya mamia ya mengine lazima lijitaje lenyewe: alama ya shamba, nchi, daraja AA au AB au PB. Chombo cha kazi hiyo ni bati lililokatwa herufi, brashi fupi ya nywele ngumu na wino mzito mweusi. Unalaza bati juu ya gunia, unapigapiga brashi kwa wima bila kuisugua, unainua.

Bati lina sharti moja: katikati ya A kuna tundu, na ukikata A nzima tundu hilo linaanguka. Fundi huacha kiungo chembamba cha kulishikilia, na kiungo hicho kinaonekana kama mpasuko kwenye herufi iliyochapwa. B ina mipasuko, R inao, O inao miwili. Herufi nyembamba ikipasuliwa hivyo inakufa. Herufi nene yenye miguu bapa inastahimili, kwa kuwa kilichobaki bado kinatosha kusomeka juu ya nyuzi za gunia zinazokunywa wino. Huko Marekani, mwaka 1937, wabunifu wawili, Gerry Powell na R. Hunter Middleton, waliigeuza sura hiyo ya masanduku na magunia kuwa herufi za uchapaji zilizotoka karibu wakati mmoja, zote zikiitwa Stencil. Wapakizi wa mashamba hawakuhitaji kuzijua. Walikuwa na sura hiyo mikononi tayari.

Mlango wa pili ulikuwa ofisi. Mwaka 1951 Ngorongoro iliwekwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 1959 ikatengwa na kupewa sheria yake, wafugaji waendelee kuishi na wanyamapori katika eneo moja. Utawala wa aina hiyo unaendeshwa kwa vibali, na vibali vilipigwa taipu. Herufi za taipu nazo ni za ukoo huu, ingawa ni nyembamba. Kwenye mashine kila herufi hupewa nafasi sawa, m na i zote upana mmoja, hivyo i inapewa miguu mirefu ijaze nafasi yake, la sivyo neno linatoboka. Mashine nyingi hazikuwa hata na kitufe cha namba moja. Karani alipiga l ndogo na kila mtu akaelewa. Kwa wazee wengi wa Karatu na Mbulu, sura ya kwanza ya serikali kwenye karatasi ilikuwa herufi hizo zenye miguu, zilizopita kwenye utepe wa wino na karatasi ya kaboni mpaka nakala ya tatu.

Karatu yenyewe ilimegwa kutoka Mbulu ikawa wilaya katika miaka ya 1990, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara ya kutoka Makuyuni hadi lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro ikatiwa lami kwa msaada wa Japani. Mji uliokuwa na vumbi jekundu la kufunika bango ndani ya juma moja ukapata magari yanayokwenda kasi. Hili ndilo jambo ambalo Figgins angelielewa mara moja. Karatu inaishi kwa wapita njia: mtalii anayekwenda kreta, lori la vitunguu kutoka Mang'ola, mfugaji anayeleta mbuzi mnadani, mgonjwa anayetafuta hospitali ya Kilutheri. Mwenye duka, gereji au nyumba ya wageni ana sekunde chache za kusema jina lake.

Wachoraji wa mabango ndio waliobeba kazi hiyo. Fundi huanza kwa kupigilia uzi uliopakwa chaki, juu na chini, akapata mistari miwili iliyonyooka. Anagawa nafasi kwa macho. Halafu brashi bapa: kiharusi kimoja cha kushuka ni nguzo, kiharusi kimoja cha kulala ni mguu, na upana wa brashi ndio unene wa vyote viwili. Herufi za miguu bapa zinaipenda brashi ya aina hiyo, kwani hazidai kubonyeza na kulegeza mkono kama herufi za kitabu zinavyodai. Kazi ngumu iko kwenye K na R, ambako mguu wa mshazari unateremka na kukutana na tofali lake. Usipopunguza unene kidogo kwenye kona, rangi inarundikana na herufi inaonekana ina uvimbe. Fundi mzuri hukata kona hiyo kwa ncha ya brashi, na ukisimama karibu na bango unaweza kuona mahali alipokata. Wachongaji wa London walifanya hivyohivyo kwa chuma, kwa sababu ileile.

Mlango wa tatu ni mitumba. Fulana na sweta za vyuo na timu za Marekani zina herufi hizi kifuani, kubwa, pana, pembe zake zikiwa zimekatwa. Zinamwagwa juu ya turubai mnadani, na kijana anayechunga ng'ombe anavaa jina la chuo asichokijua. Mchoraji wa mabango naye huvaa, na huangalia.

Kisha kompyuta. Rockwell, iliyotolewa na kampuni ya Monotype mwaka 1934, na Playbill ya Robert Harling ya mwaka 1938, yenye miguu minene kuliko nguzo zake, zote ziliingizwa katika programu za ofisi za Microsoft, na kwa njia hiyo zikafika kila steshenari inayochapa kadi za harusi na matangazo ya mikutano. Baada ya 2010 zikaja herufi za bure za intaneti. Mojawapo, Alfa Slab One ya Mchile José Miguel Solé, ilibuniwa makusudi juu ya ile Egyptian nzito ya Thorne. Kijana mwenye simu anaweza kuipata bila kulipa senti, akaandika KARIBU, akaipeleka ichapwe kwenye fleksi, turubai ya plastiki ya mabango. Herufi iliyopigwa mnada London mwaka 1820 inaning'inia juu ya mlango wa duka la mbegu.

Fleksi imewanyang'anya kazi wachoraji wengi, na hilo linaniuma, kwa sababu fleksi hupauka kwa jua la nyanda za juu na kuchanika kwa upepo, wakati rangi ya mafuta juu ya bati hukaa miaka. Pia fleksi imewapa watu ujasiri usiofaa. Katika herufi nzito kama Alfa Slab matundu ya A, R na B ni madogo sana. Zimetengenezwa zichapwe kubwa, maneno mawili au matatu. Mtu akizibana ili aingize namba za simu, huduma kumi na mbili na aya ya Biblia, matundu yanaziba na bango zima linakuwa ukuta. Mchoraji wa brashi hakuweza kufanya kosa hilo, kwani kila neno lilimgharimu jasho.

Kuna jambo moja ambalo herufi hii inalifanya hapa na ambalo halikuwa katika hesabu za Figgins wala Besley. Majina ya nchi hii yanatoka katika lugha za koo tofauti kabisa. Mmasai ana Olbalbal na Ilmoran. Katika herufi zisizo na miguu, I kubwa na l ndogo ni kijiti kilekile, na mgeni hajui aanzie wapi. Ipe I matofali yake mawili na shaka inakwisha. Mwiraqw ana Q, na ana sl, tl na hh, sauti ambazo Kiswahili hakina. Kata mbili za Karatu zinaitwa Qurus na Qang'dend. Kusini, Mbulu, kuna Tlawi na Hhaynu. Ile Q iliyolala bila kazi katika sanduku la mchapaji wa Tanga inaamka Karatu na kusimama mwanzo wa jina, mahali ambapo jicho linaanzia.

Na Q ni herufi ngumu. Ni duara lenye mkia, na karibu kila mbunifu ameuweka mkia huo anavyotaka: wengine ndani ya tundu, wengine chini ya mstari, wengine wakiukata kabisa kwa nje. Fundi wa Karatu anayeandika jina la shule ya Qurus kwenye ukuta mweupe hana bati la Q kutoka dukani. Seti za mabati zinazouzwa zimechoka kwa A, na Q yake mara nyingi ni nyembamba kuliko ndugu zake. Anachora O kwanza, anaiacha ikauke, kisha anaweka mkia kwa kiharusi kimoja kinene chenye mguu bapa mwishoni, ukikanyaga mstari uleule wa chaki unaokanyagwa na U, R, U na S.